Amin ya Fundi Ngwali

Mmanga alipopandisha sauti ya redio, barza zima lilinyamaza, na cherehani ya Ngwali nayo ikanyamaza. Ilikuwa alasiri ya Ramadhani, mwaka ule wa elfu mbili na kumi na nne, mfungo umekaribia kati, midomo ya watu imekauka kama ngozi ya ngoma. Duka la Mmanga pale Wawi halikuwa na mnunuzi hata mmoja, lakini barza lake lilijaa wanaume waliokuja kusukuma saa mpaka magharibi. Ngwali alikuwa na kibanda chake cha ushonaji ubavuni mwa duka hilo. Kati yao palikuwa na ukuta wa bati tu, kwa hiyo habari za dunia alizipata bila ya kununua redio.

Msomaji wa taarifa alianza na Vienna, wanakozungumza wakubwa kuhusu nyuklia ya Iran. Akasema mazungumzo ni magumu lakini yana matumaini. Kisha akaingia Gaza, na huko hakusema habari ya matumaini. Akataja nyumba zilizoangushwa, akataja watoto, akaenda kwenye michezo.

"Mwasikia?" Mmanga akapiga meza ya mizani. "Wakubwa wamekaa Vienna na chupa za maji ya baridi, wapima urani ya Iran kwa kijiko cha chai. Hii imezidi, hii punguza, hii tia kufuli. Na jirani yake, ambaye dunia nzima yanong'ona kuwa bomu analo chini ya kitanda, haulizwi hata nini hicho kilichotuna! Watoto wa Gaza waangukiwa na dari usiku na mchana, na hapo hakuna mkutano, hakuna chupa ya maji!"

"Ndiyo dunia hiyo, Mmanga," mtu mmoja akasema kivivu.

"Weye sema ndiyo dunia, lala. Mie silali. Siye hatuna ndege, hatuna mizinga, lakini Halbadiri tunayo! Nimeshasema na Maalim Bakar. Kesho kutwa ni kumi na saba, siku ya vita vya Badri venyewe. Baada ya alasiri tukae kiwanja cha madrasa, tuwasomee wale watu mpaka ardhi iwateme."

Barza likatikisika. Halbadiri si jambo la mzaha. Ni kuyasoma majina ya mashujaa wa Badri, jina baada ya jina, kwa niya moja ya kumshitaki dhalimu kwa Mungu. Wapo watu Pemba walioiba mbuzi wakamrudisha mbio, kamba bado shingoni, kwa kusikia tu kwamba Halbadiri itasomwa. Na kila mtu anajua kwamba ikishatoka haiitwi ikarudi.

"Fundi!" Mmanga akaligonga bati. "Weye ndiye mwenye sauti hapa mtaani. Utakuwemo?"

"Nimo!" Ngwali akajibu.

"Sema amin basi tukusikie!"

"Amin!"

Aliitoa kwa nguvu mno, kama mtu anayejibu akiitwa polisi. Barza likacheka na kumsifu. Ngwali akainamisha kichwa juu ya kanzu ya Idi aliyokuwa akiishona, akakanyaga cherehani, na mshono ukaenda kombo toka begani mpaka kifuani. Maana binti yake wa pekee, Mwatum, wakati ule ule alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali ndani ya nchi ile ile waliyotaka kuisomea, akingoja kufunguliwa kifua.

Mama yake Ngwali, Bi Bimkubwa, alikuwa uani akimenya majimbi ya futari. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso, kisha akakiweka kisu chini.

"Umesema amin?"

"Nimesema, mama."

"Kwa kinywa chako?"

"Wangenitazama vipi nisiposema?"

"Wangekutazama kwa macho. Macho hayaui." Bibi akakamata jimbi jingine. "Halbadiri yaua."

Wawi nzima iliambiwa kwamba Mwatum kapelekwa India. Mtoto alizaliwa na tundu moyoni. Akipanda vidaraja vya madrasa midomo ilimgeuka rangi ya zambarau, na wenzake walizoea kumngoja. Orodha ya India ilikuwa ndefu. Kisha wakaja madaktari wageni Unguja, wakampima, wakasema kwao nafasi ipo, na tiketi ipo, na mama mtu atafuatana naye. Ndipo wakataja kwao ni wapi. Mize, mkewe Ngwali, alitazama sakafu. Ngwali alitazama dirisha. Mtoto alitazama peremende aliyopewa. Walipotoka nje, Mize alisema neno moja tu, "Nitakwenda," na Ngwali akasema lake, "Tutasema India."

Basi watu wa Wawi, wasiojua kutoa kwa mkono mmoja, wakatoa. Huyu tende, huyu blanketi, huyu kanga mbili mpya ili Mize asiaibike mbele ya Wahindi. Mmanga mwenyewe alitoa sanduku la safari lenye magurudumu, alilokwendea Hija, akasema lirudi salama na mtoto salama. Ngwali alilipokea kwa mikono miwili na ulimi mmoja wa uongo.

"Nimwambie Mmanga?" akamuuliza mama yake.

"Ungemwambia kabla ya sanduku," Bi Bimkubwa akasema. "Sasa sijui."

Siku ya pili yake simu ikalia. Mize alipiga kwa simu ya muuguzi wa Unguja aliyefuatana nao, na kila mara aliongea haraka haraka, kama anayekimbia mvua.

"Baba Mwatum, ni kesho. Wamesema kesho baada ya adhuhuri wanamuingiza. Huko kwenu itakuwa alasiri vile vile, saa zetu ni moja."

Ngwali akakaa kitako juu ya jamvi. Kesho alasiri.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Mtoto vipi?"

"Mtoto hajambo, ameshajua kuomba aiskrimu kwa lugha yao. Mie ndiye mwenye jambo. Jana king'ora kimelia, Baba Mwatum. Watu wote wasukuma vitanda kwenda ukumbi wa ndani, mie nimesimama kama nguzo. Yule mama niliyekwambia, Ummu Anas, ndiye aliyemnyanyua Mwatum. Mkono mmoja asukuma kitanda cha mjukuu wake, mkono mwingine kambeba mwanetu kifuani na mipira yake ya dawa, na mie kanivuta kwa meno, kwa ukaya wangu wa kichwani. Kwa meno, hasa! Tulipokaa chini akanicheka. Tukacheka wote, na roho zimetutoka."

"Ndiye yule wa Gaza?"

"Wa Khan Yunis. Kaja na mjukuu kabla ya vita, na sasa njia imefungwa, hawezi kurudi. Wanawe na wakwe zake wote wako kule. Usiku kucha apiga simu. Ikiita hufurahi. Isipoita hukaa juu ya kitanda cha mjukuu akamsugua miguu. Na magharibi ikifika anipa tende mie kwanza, halafu ndipo ale." Mize akashusha sauti. "Makombora yatokayo kwao hulia huku kwetu, na ndege zitokazo huku hulia kwao. Yeye yuko kati, Baba Mwatum. Huwa sijui nimpe pole ya upande gani. Ngoja, yuko hapa. Nimemwambia ndiwe. Sema naye."

"Niseme nini? Mie Kiarabu..."

Lakini simu ilikwishabadilisha mkono. Sauti nzito ya mwanamke mzima ikamsalimu. Ngwali akaingia kulitafuta kila neno la Kiarabu alilonalo, na yote aliyoyakuta yalikuwa ya msahafu. Alikuwa na maneno ya mbingu na ardhi, ya mizani na siku ya hesabu. Hakuwa na neno la jirani. Mwisho akasema, "Jazaki Llahu khayra," Mungu akulipe kheri, akalirudia, akalirudia tena, kama mtu anayebisha mlango.

Yule mama akacheka. Kisha akasema maneno mengi, yakapita kama maji, na Ngwali akadaka neno moja tu, kwa sababu ni la dua na yeye amekulia katika dua: mtuombee. Yule mama akalisema mara mbili. Mtuombee.

Simu ikakatika. Ngwali akabaki ameishika sikioni.

Kesho yake, baada ya alasiri, kiwanja cha madrasa kilitandikwa majamvi. Wanaume walikaa mduara, kofia zimenyooka, na upande wa pili, nyuma ya kanga zilizofungwa kamba, wakakaa wanawake. Ubani ulikuwa mzito. Mmanga alikuwa mbele, amevaa kanzu yake ya Hija, uso unang'aa jasho na saumu. Haki yake tuiseme: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelia kweli kwa ajili ya watoto wa Gaza, mbele ya wateja, na mtu anayelia mbele ya wateja wake hachezi.

Ngwali alikaa karibu na Maalim Bakar, mahali pa wenye sauti. Alikuwa ameamua. Atatingisha midomo tu. Watakaposema amin, yeye ataitia ndani kwa ndani, ataimeza, na Mungu ajuaye vya vifuani atajua kwamba haikutoka. Hayo ndiyo aliyojipangia tangu alfajiri, na aliona yamekaa vizuri, kama mtu aonavyo nguo imekaa vizuri kabla hajaivaa.

Maalim Bakar akainua mikono. Alikuwa mtu mfupi mwenye hasira za karibu, mwalimu wa watoto, aliyechoka.

"Tunanuia," akasema. "Tunamshitakia Mola wetu watu wa nchi ile iliyowadhulumu ndugu zetu. Wote waliomo juu ya ardhi ile, mkubwa wao na mdogo wao, aliyesimama na aliyelala..."

Aliyelala.

Ngwali akaona kitanda. Akamuona Mwatum juu yake, mdogo kuliko shuka, na taa kubwa kifuani. Wakati ule ule. Saa zetu ni moja.

"...usiwabakishie pumzi..."

"Maalim, simamisha!"

Hakuna aliyepata kusikia Halbadiri ikisimamishwa katikati ya niya. Mikono ya watu ikabaki juu, haijui ishuke au iendelee. Maalim akafungua macho.

"Una nini, fundi?"

"Mwanangu yumo."

"Yumo wapi?"

"Yumo humo katika mnaowasomea."

Kisha Mmanga, polepole: "Mwanao si yuko India?"

"Hayuko India. Hajapata kwenda India. Yuko kwao, hospitali yao, na sasa hivi, saa hii, wamempasua kifua."

Kelele ziliporuka, kila mtu alisema lake. Wa kwanza aliyesikika vizuri alikuwa Mmanga, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kuliko aliyekasirika.

"Na sanduku langu? Sanduku langu la Hija limekwenda huko?"

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Mmanga hakugeuka.

"Tumekuchangia, Ngwali. Tumekesha tukamuombea mwanao na Wahindi wake. Kumbe watucheka! Umeona hawa ndugu zako wauliwa, weye wenda kushika mkono ule ule!"

"Nimeushika," Ngwali akasema. Alikuwa amesimama sasa, na sauti yake, ile waliyomwitia, ilimtoka yote. "Uongo nimesema, na nitaubeba. Lakini mkono nimeushika, Mmanga, na ningeushika tena. Mlikuwa mkimuona mwanangu pale kwenye vidaraja, amesimama anatafuta pumzi kama samaki kwenye jamvi. Mlimuona! Angekuja Firauni na dawa mkononi ningeipokea. Ningeipokea, nikampa mwanangu, ndipo nikakaa na nyinyi nikamlaani Firauni!"

"Astaghfirullah!"

"Na Musa kalelewa nyumba ya nani?" Sauti ya Bi Bimkubwa ikatoka nyuma ya kanga, kavu. "Ama nyiye mwasoma kurasa mzipendazo tu?"

Wanawake wakaguna. Maalim Bakar akapiga kitabu kwa kiganja. "Nyamazeni! Fundi, umetudanganya katika mwezi mtukufu, na ukaja kukaa katika niya ambayo si yako. Unajua ilivyo kosa hilo?"

"Najua, Maalim. Nilikuja nikidhani nitaweza kumeza amin. Imenishinda." Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Na si mwanangu tu aliyemo. Yumo mama mmoja wa Khan Yunis, amekwama huko na mjukuu mgonjwa. Kitanda chake na cha mwanangu vimegusana. King'ora kikilia yeye ndiye ambebaye Mwatum. Watu wake wako chini ya mabomu, simu hazipatikani, na yeye ambebea mtoto mtu asiyemjua, wala Pemba hajui iko wapi. Jana kasema nami. Kaniambia mtuombee. Na leo mie nimekuja hapa..."

Hapo ndipo kanga moja ilipotikisika, na ikasikika sauti ya Kazija, muuza sambusa, ambaye ulimi wake uliogopwa Wawi nzima kuliko pilipili zake.

"Maalim, mie mjinga, nauliza tu. Huyo mama wa Khan Yunis yumo humo humo, katika waliosimama na waliolala. Na yeye twamsomea? Atoroke mabomu, tuje tummalize siye?"

Mtu anaweza kusoma vitabu miaka thelathini asipate swali kama lile. Maalim Bakar alifunua ukurasa, akaurudisha. Akatazama kitabu. Akatazama ubani. Wale waliokuwa tayari kumjibu Ngwali hawakuwa tayari kumjibu Kazija.

"Tuwataje watoao amri tu," kijana mmoja akapendekeza. "Wale wakubwa."

"Mwenye kudhulumu Mungu anamjua," Maalim akasema. "Anamjua kwa jina lake na la mamake. Sina haja ya kumuonesha kwa kidole, na kidole changu kimeshakosea mara moja leo." Akavuta pumzi. "Nuieni upya. Tunawasoma watu wa Badri kwa kuombea faraja. Mungu awafariji ndugu zetu wa Gaza, awahifadhi watoto wao, awafungulie njia zao. Amrudishe huyo mama kwa wanawe. Amponye mjukuu wake." Akasita. Kila mtu alijua kinachofuata, na wengine walikuwa wakiomba kisifuate. "Na Mwatum binti Ngwali, mtoto wa madrasa hii, Mungu amzibie tundu la moyo wake kwa mikono aliyoichagua Yeye."

Mmanga akanyanyuka. Alivaa viatu vyake bila ya haraka, akatoka, na wanaume kadhaa wakamfuata. Mduara ukabaki na mapengo.

Kisha amin ikaja. Ilianza nyembamba, upande wa kanga, ikavuka kwa wanaume, ikapata mwili. Ngwali, mwenye sauti, ndiye ambaye hakuisema. Alikuwa ameinama mpaka paji la uso likagusa jamvi, na ndani yake mlikuwa na shukrani nyingi mno hata hakujua aanze kuzitoa kwa nani.

Asubuhi iliyofuata watu walikuja kuchukua vitambaa vyao. Ilikuwa wiki ya kazi kuliko zote za mwaka, kanzu za Idi zimetundikwa mpaka mlangoni, na wao wakaja mmoja mmoja. Wengine waliona haya, wakasema wameamua kununua za tayari. Mmoja alichukua kanzu isiyo na mikono, akaikunja kwapani akaenda nayo hivyo hivyo. Mmanga alimtuma mtu. "Kasema kitambaa chake ukitoe na uzi wako ukaufumue, hautaki." Ngwali aliufumua uzi ule mbele ya mjumbe, kishono kwa kishono, akamkabidhi kitambaa kimekunjwa vizuri. Mwanzoni alidhani ataona uchungu. Lakini simu ilikuwa imeshalia baada ya futari ya jana, na Mize alikuwa amesema, "Ametoka. Midomo yake myekundu, Baba Mwatum. Myekundu!" Na mtu aliyeambiwa hivyo, umnyang'anye kitambaa, hasikii sana.

Siku tatu baadaye Mize alipiga tena, na safari hii hakukimbia.

"Nyumba ya Ummu Anas imepigwa," akasema. "Simu imekuja asubuhi. Mwanawe mkubwa, na mkwewe, na wale wajukuu wadogo wawili."

"Inna lillahi."

"Mie nilikuwa na homa, sinyanyuki. Kaipokea simu pale dirishani. Kakaa. Kakaa, hata nikadhani hajafahamu. Kisha kanyanyuka, kachukua beseni, kaja kumwosha Mwatum. Nikamshika mkono nikamwambia acha. Kaniondoa mkono, kaendelea. Kamsuka na nywele. Daktari wa mjukuu, mtu wa nchi hii hii, alikuja kumpa pole, akalia yeye. Yule mama akampa kitambaa ajifute. Mie siielewi nchi hii, Baba Mwatum. Nimechoka kuielewa. Nataka kurudi nyumbani."

Bi Bimkubwa alipoambiwa aliingia ndani, akatoka na mchele uliowekwa kwa Idi, akawaita wanawake. Jioni ile ilisomwa hitima Wawi kuwarehemu watu wanne wa Khan Yunis ambao hakuna aliyejua nyuso zao. Maalim Bakar alikuja bila ya kuitwa.

Mize na mtoto walirudi mwezi wa Agosti. Mwatum alishuka garini kwenye kona ya madrasa, akaviona vidaraja, akavipanda mbio, akashuka, akavipanda tena, na watu wazima waliokuwa pale wakasimama na vikapu vyao wakimtazama, hata mmoja hakukumbuka kumkataza. Sanduku la Mmanga lilipelekwa dukani limefutwa vumbi. Mmanga alilipokea, akalitia chini ya meza, akauliza, "Mtoto?" akajibiwa hajambo, akasema alhamdulillahi, akageukia mizani yake. Kwa siku ile ilitosha.

Ngwali alikuwa amepata jora la kitambaa kizuri cha rangi ya majani mabichi, iliyokoza kidogo, la kushonea harusi ya watu wa Wete. Alikata kipande chake kwa gharama yake mwenyewe akakitandaza juu ya meza. Muuguzi wa Unguja alikuwa anarudi kule na watoto wengine, na Ummu Anas alikuwa bado yuko, maana mjukuu alingoja kupasuliwa mara ya pili.

"Nataka kumshonea," akamwambia mkewe. "Gauni refu, la mikono mirefu, la heshima. Kipimo chake vipi?"

"Nitajuaje kipimo? Mie nilikwenda na futi?"

"Mrefu? Mfupi?"

"Wa kiasi."

"Kiasi gani, Mize! Kiasi hakishoneki!"

Mize akafikiri. Akainua mikono yake mbele, akaikunja hewani, kama anayeshika kitu kikubwa, akaitazama. "Najua alivyo nikimkumbatia," akasema. "Kichwa changu kilifika hapa. Na mikono yangu, nyuma yake, vidole viligusana hivi tu."

Ngwali akaweka chaki chini. "Basi mtafute mtu wa hivyo."

Kazija ndiye wa kwanza aliyeitwa, kwa kuwa alikuwa karibu, akiuza. Mize akamkumbatia pale uani. "Siye. Weye mnene."

"Mnene? Mie?" Kazija akang'aka. "Mwezi mzima nimefunga!"

Habari ikazunguka mtaa, kwa kuwa Kazija ndiye aliyeibeba. Wakaja wanawake wa Wawi uani kwa Bi Bimkubwa, mmoja baada ya mwingine, na wengine kati yao hawakuwa wameingia ua ule tangu siku ya Halbadiri. Kila aliyekuja akasimama, akanyoosha mgongo, na Mize akamkumbatia, akafumba macho, akatafuta. Huyu mwembamba. Huyu mrefu, kidevu chanipita. Huyu mabega yake madogo, yeye ana mabega ya kubeba. Wakacheka, wakasukumana kama wasichana. "Nami nipime!" "Weye ngoja, wanuka vitunguu!" Ngwali alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na futi shingoni, maana si halali yake kuwapima wake za watu. Alisubiri kuitiwa vipimo.

Wa mwisho aliingia pembeni, na vicheko vikapungua. Alikuwa Moza, mkewe Mmanga.

"Mmanga ajua kama uko huku?" Bi Bimkubwa akamuuliza.

"Ajua. Kasema nisikae sana."

Akafungua ukaya wake, akaja, akasimama mbele ya Mize. Mize akamkumbatia. Akafumba macho. Kichwa kikalala mahali fulani chini ya sikio la Moza, mikono ikazunguka nyuma, na vidole vikakutana, ncha kwa ncha tu.

Wanawake wakangoja. Kuku akapita.

"Vipi?" Ngwali akauliza kutoka ndani. "Mize? Ndiye?"

"Ndiye," Mize akasema, na sauti ilitoka begani mwa Moza, imelowa. "Ndiye hasa."

"Basi njoo uchukue futi, umpime. Kifua kwanza."

"Subiri."

"Kitambaa kimeshatandikwa, mke wangu."

"Nimesema subiri," Mize akasema, na mikono haikulegea. Moza, ambaye aliambiwa asikae sana, akamshika na yeye, akaanza kumpigapiga mgongoni taratibu, kama anavyopigwapigwa mtoto, na nyuma ya pazia fundi akaivua futi shingoni akakaa kuwangoja.